Nina nyimbo 11, prodyuza anadai masta ni zake na meneja anatoa milioni 3, nisaini?

"Shikamoo dada. Mimi ni msanii wa Bongo Fleva, nipo Dodoma, Chang'ombe. Nina albamu yangu ya kwanza, nyimbo 11, nimeirekodi miaka miwili kwa prodyuza mmoja hapa hapa mjini kwa hela ya kuuza chapati na kusuka nywele. Nyimbo mbili zilishatoka mwaka jana, yeye ndo alizipandisha kwa akaunti yake. Bado ananidai laki nne na nusu na anasema kwa sababu hiyo masta zote, yaani rekodi zenyewe, ni zake. Sasa kuna kaka anataka awe meneja wangu, anatoa milioni 3 za kutolea albamu, mkataba miaka 10, yeye asilimia 40 mimi 60, na masta zinakuwa za kampuni yake. Wimbo mmoja una sauti za mashangazi zangu wakipiga muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, nilirekodi kwa simu harusini Chamwino. Nataka albamu yote itoke siku ya bethidei yangu, ni Jumanne wiki tatu zijazo, ukumbi nimeshaanza kuulizia. Rafiki zangu wanasema albamu zimekufa nitoe singo tu, na mtu mwingine kaniambia nijitumie nyimbo kwa posta ndo hakimiliki inakuwa yangu. Naogopa kukosa hii nafasi, naogopa na kuibiwa. Nifanyeje? Nimekuambatanishia nyimbo tatu, na singo ya kwanza iwe ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, na zile nyimbo tatu ulizoniambatanishia nimezisikiliza kwa hedifoni nikiwa nimetulia kabisa. Hongera. Mtu anayesuka nywele mchana na kukaanga chapati asubuhi mpaka anafikisha nyimbo 11 anastahili jibu la kueleweka, kwa hiyo vumilia nitaandika kirefu.

Umeuliza mengi ila mimi naona hofu ni moja, kwamba ukisubiri nafasi inapita na ukiharakisha unaibiwa. Hiyo ya kwanza iondoe moyoni. Wimbo ambao haujatoka haujaharibika popote, uko kwenye kompyuta unasubiri, na mkataba kama ni mzuri kweli leo basi na wiki ijayo wakili akishausoma utakuwa bado mzuri. Kitu ambacho hakirudi ni sahihi yako. Ukishasaini miaka 10 ukaja kugundua ulikosea utakuwa na miaka 10 ya kugundua vizuri.

Tuanze na la posta maana ni jepesi. Kujitumia bahasha hakukupi haki yoyote. Kwa Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki inazaliwa pale unapoutunga wimbo, na ukiuandika kwenye daftari au ukajirekodi kwenye simu unakuwa na kitu cha kuonyesha. Yaani yale maneno ni yako tangu siku ile ulipoyaandika, na yanabaki kulindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kufariki. Kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hakukuzalishii haki mpya, kunakupa ushahidi, na ushahidi ndo unaotakiwa siku mtu akibisha. Kwa hiyo sajili, ila usikae na hofu kwamba mpaka leo huna kitu. Na usifute zile voisi noti za mwanzo ulizoimba bila biti, zina tarehe zake, ni mali hizo.

Sasa twende kwenye masta, hapa nataka usome taratibu kwa sababu wasanii wengi ninaokaa nao wanachanganya. Kwenye wimbo mmoja kuna vitu viwili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi na muziki wenyewe, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa siku ile studio, ambayo ndo tunaiita masta. Chukulia kama kiwanja na nyumba, wewe wa Dodoma unajua vizuri habari za viwanja. Utunzi ni kiwanja, masta ni nyumba iliyojengwa juu yake. Mtu anaweza kumiliki nyumba na kiwanja kikawa cha mwingine, na ndo maana kesho mtu akitaka kuuimba upya wimbo wako anajenga nyumba nyingine kabisa ila kwenye kiwanja chako, atakuja kukuomba wewe.

Kwenye kiwanja wewe una sehemu yako kwa maneno na melodi, na prodyuza ana yake kwa sababu biti aliitengeneza yeye, hilo usimnyime. Wengi wanakubaliana nusu kwa nusu, sema hiyo ni kawaida tu, sio sheria, mnaweza kukubaliana vingine. Kwenye nyumba swali linakuwa nani aliianzisha ile kazi ya kurekodi na nani aliigharamia. Wewe ulilipia sesheni, umeleta nyimbo, una hoja nzuri. Yeye naye ana hoja yake, kompyuta yake, muda wake usiku, na hela ambayo hajamaliziwa. Kama hamkuandikiana chochote hakuna anayeweza kukwambia kwa uhakika hakimu angesema nini, na mtu akikwambia ana uhakika huyo muogope.

Ila laki nne na nusu ni deni, na deni linalipwa kwa hela. Halimfanyi mtu awe mmiliki wa nyimbo 11. Kuhamisha umiliki wa haki hizi kunataka maandishi, haitokei tu kwa sababu fulani hajamalizia malipo. Anachoweza ni kukushikilia mafaili mpaka umlipe, na hapo kusema kweli simlaumu sana. Kwa hiyo kabla ya ukumbi, kabla ya keki, kabla ya gauni, hiyo hela ya bethidei peleka kwake. Nenda ana kwa ana, mshukuru, mlipe, na siku hiyo hiyo muandikiane karatasi moja yenye majina ya nyimbo zote 11, nani katunga nini na kwa asilimia ngapi, masta ni za nani, na yeye atapata asilimia ngapi ya mapato ya masta. Mpe kitu kwenye masta mdogo wangu, hata 10 au 15, prodyuza mwenye chake ndani ya wimbo ataupigania kama wake. Ondoka na mafaili ya WAV ya 24-bit, yaani yenye sauti kamili isiyobanwa, sio mp3 za WhatsApp, pamoja na sesheni nzima, yaani sauti yako peke yake, ngoma peke yake, gitaa peke yake. Muulize pia kwa kila wimbo kama biti aliipiga mwenyewe au kuna kipande alikishusha mtandaoni, maana kipande kimoja cha mtu mwingine kinatosha YouTube kuuona wimbo wako kama mali ya mtu usiyemjua na hela zikaenda kwake.

Zile nyimbo mbili zilizotoka zinataka uangalifu zaidi. Kila rekodi ikipandishwa inapewa namba yake ya utambulisho inaitwa ISRC, ina herufi na tarakimu, jumla 12, hiyo ndo kama namba ya NIDA ya wimbo. Namba za wasikilizaji, pleilisti ulizowekwa, vyote vimeshikizwa pale. Ukizipandisha tena kwenye albamu kwa msambazaji mpya, yaani kampuni inayopeleka nyimbo Spotify na majukwaa mengine, ukapewa namba mpya, majukwaa yanaona ni nyimbo mpya kabisa na unaanza sifuri. Nimeshalifanya kosa hili mimi mwenyewe kwa binti mmoja niliyekuwa namsimamia, tulihama msambazaji kwa haraka haraka, sikuomba namba za zamani, na hesabu yote aliyoikusanya kwa mwaka mzima ikapotea usiku mmoja. Alilia na mimi nikalia. Kwa hiyo prodyuza akupe ISRC za nyimbo zote mbili, uzitumie zile zile, jina la wimbo liandikwe vile vile, jina lako vile vile, faili la sauti lile lile, urefu ule ule, halafu zile za kwake zisishushwe mpaka uone hizi mpya zimeshatokea na hesabu imehamia.

Haya, mkataba wa huyo kaka. Simjui na sitaki kumsema vibaya, inawezekana anakupenda kweli kazi yako. Ila tupige hesabu. Milioni 3 anazotanguliza kwa kawaida sio zawadi, ni mkopo unaofidiwa kutoka kwenye mapato, na mara nyingi unafidiwa kutoka kwenye sehemu YAKO. Yaani ikiingia milioni 1, yeye anachukua laki nne zake, laki sita zako zinaenda kufidia ile milioni 3. Mpaka laki sita sita zifike milioni 3 inabidi albamu iwe imeingiza milioni 5 zote. Hapo yeye kashapata milioni 2 ya asilimia zake na milioni 3 yake imerudi, wewe hujaona hata mia, na masta zilishakuwa za kampuni yake tangu siku ya kusaini. Hilo la mwisho ndo linaniuma zaidi kuliko asilimia 40. Mtu kukupangishia nyumba akachukua kodi yake ni sawa, huyu anataka hati.

Na hizo milioni 5 zinaingiaje? Watu wanadhani kuna bei ya kila strimu, yaani kila mara wimbo unapochezwa mtandaoni, haipo. Kwa mwezi jukwaa linakusanya hela za wanaolipia na za matangazo, kwenye Spotify karibu theluthi mbili zinaenda kwa wenye haki, halafu mnagawana kwa kadri mlivyosikilizwa. Msikilizaji wa bure wa hapa Tanzania analeta kidogo sana, anayelipia akiwa Uingereza analeta mara nyingi zaidi. Strimu inahesabiwa mtu akifika sekunde 30, na tangu 2024 Spotify wimbo usipofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi mirabaha ya masta kabisa. Hela yenyewe inakufikia miezi miwili mitatu baadaye. Sikwambii ili ukate tamaa, nakwambia ili mtu akisema "utarudisha ndani ya mwezi" ujue anakudanganya au hajui.

Ningekuwa wewe ningemrudishia huyo kaka ofa nyingine kwa heshima. Awe meneja kweli, umeneja kwa kawaida unakuwa asilimia 15 hadi 20, miaka miwili, ukiona matunda mnaongeza. Masta zibaki zako, kampuni yake ipewe leseni tu ya kusambaza hizo nyimbo 11 na sio "kazi zote zijazo". Milioni 3 iandikwe itatumika kwenye nini na risiti uzione, na uwe na haki ya kuona ripoti za mapato muda wowote. Kama kweli ana watu redioni, ana mapromota, ana hela ya video, hata asilimia 30 ya muda mfupi naweza kuielewa, kuna watu wanazifanyia kazi. Akigoma kabisa kugusa lile la masta, basi umeshapata jibu la alichokifuata.

Sasa albamu imekufa au haijafa? Haijafa, ila kazi yake imebadilika. Singo inakutafutia mtu asiyekujua, albamu inamshika yule aliyeshaanza kukujua, inampa sababu ya kukaa na wewe nusu saa badala ya dakika tatu. Rafiki zako wako sahihi kwamba ukimwaga nyimbo 11 siku moja ukiwa bado hujulikani nyingi zitakufa bila kusikilizwa, na sababu ni ya kiufundi kabisa. Spotify inakuruhusu kupendekeza wimbo mmoja tu kwa wahariri wa pleilisti kwa kila toleo, na ile pleilisti ya Ijumaa wanayotumiwa wanaokufuata inaweka wimbo wako mmoja. Nyimbo 11 siku moja zinapata mlango mmoja. Nyimbo hizo hizo ukitanguliza tatu moja moja halafu albamu ikafuata umepata milango minne. Angalia hata Zuchu, alianza na EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo saba Aprili 2020, albamu kamili ikaja Desemba 2024, katikati hapo watu walikuwa wanalishwa singo.

Mpango ninaoupenda kwako ni singo ya kwanza, baada ya wiki tano au sita ya pili, tena wiki tano au sita ya tatu, halafu albamu, na kila singo ikiingia kwenye albamu inakuja na ISRC yake ile ile. Ukumbuke zile mbili za mwaka jana nazo zimo, kwa hiyo siku ya albamu mtu anakutana na nyimbo tano anazozijua na sita mpya. Ni miezi minne hivi. Najua unaona mbali, ila umesubiri miaka miwili mizima, hii miezi minne ndo ya kula ulichopanda.

Jumanne hapana. Tangu Julai 2015 muziki duniani unatoka Ijumaa, pleilisti zinabadilishwa Ijumaa, Jumanne unafika sokoni watu wameshafunga meza. Na wiki tatu ni chache, mzigo upeleke kwa msambazaji walau wiki nne kabla, na lile pendekezo la pleilisti lisipungue siku saba kabla ya kutoka. Bethidei yako usiifute lakini. Ifanye ndogo, watu 30, kuku wa kuchoma, uwasikilizishe nyimbo mbili tatu kwa spika nzuri, uone wanacheza wapi na wanashika simu wapi, hiyo ni taarifa huwezi kuinunua. Tamasha kubwa la uzinduzi liache kwa siku ya albamu, na hilo lina vibali vyake, kwa hiyo pitia kwa Afisa Utamaduni wa Jiji mapema na uhakikishe umesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, usije ukazimiwa muziki watu wameshalipa.

Nimeacha la mashangazi mwisho kwa sababu ndo lililonigusa. Ule wimbo ni mzuri mno. Ile muheme inapoingia na sauti za wale mama zikapanda juu, nimeurudia mara nne. Muziki wa Kigogo una masikio mbali kuliko tunavyodhani, Mzee Hukwe Zawose alitoka huku huku kwetu akaupeleka ulimwenguni kwa ilimba na zeze, alifariki 2003 na hadi leo wageni wanamtafuta. Kwa hiyo wimbo huu unaweza kwenda usikokutarajia, na ndo maana lazima uwe safi. Neno hakishiriki kwenye ile sheria linawahusu wao, mtu anayeimba au kupiga ana haki juu ya sauti yake kurekodiwa na kuuzwa, hata kama ni shangazi yako wa damu na alikuwa anacheka wakati unarekodi. Melodi ikiwa ya jadi, ya ukoo mzima, sheria nayo inazitambua sanaa za jadi, usiiandike kama utunzi wako peke yako, kwenye majina ya watunzi andika kwamba ni ya asili ya Kigogo na uulize BASATA utaratibu kabla ya kuuza.

Nenda Chamwino wikiendi hii. Nenda na vitenge na sukari, kaa nao, wasikilizishe wimbo wote mpaka mwisho, uwaambie utauzwa na hela inaweza kuja au isije. Wakikubali waandikie karatasi kwa Kiswahili chepesi, mmoja wa watoto wao anayejua kusoma awasomee kwa sauti, waweke dole gumba au sahihi, majina yao yote yaandikwe kwenye wimbo, wapewe kitu mkononi siku hiyo na asilimia mbele ya safari. Mmoja akikataa, heshimu, usimlazimishe kwa undugu. Halafu mrekodi upya kwa vifaa, hiyo ya simu ina upepo na mtu anaita "leta maji" kwenye dakika ya pili, sijui kama mlisikia.

Haya yote niliyosema ni ya mtu anayesimamia matoleo ya nyimbo, mimi sio wakili. Huo mkataba wa miaka 10 usiusaini kwa ushauri wangu wala wa mtu yeyote wa mtandaoni, uchapishe, upeleke kwa wakili hapo mjini ukae naye mezani ausome mbele yako. Dodoma wapo wengi na kusomewa kurasa chache hakuwezi kulingana na gharama ya kupoteza nyimbo 11. Nenda haraka zaidi kama prodyuza atakataa kukupa mafaili hata baada ya kulipwa, au ukikuta ameshapandisha nyingine bila kukwambia, au huyo kaka akitaka paswedi za YouTube na Instagram yako kabla ya chochote. Hapo sio mazungumzo tena, pita na COSOTA wakuelekeze, ubebe daftari lako, voisi noti na meseji zote za malipo ya simu ulizomtumia prodyuza, hizo ni risiti.

Na kuhusu singo ya kwanza iwe ipi, umeniuliza chini kabisa ya ujumbe. Ningeanza na ule wa pili ulionitumia, ule wenye gitaa, unaingia haraka, korasi iko kabla ya sekunde 40. Wa muheme uwe wa tatu, karibu kabisa na albamu, mashangazi wakiwa wameshasaini na sauti zao zimesharekodiwa vizuri. Ukitoka Chamwino niandikie walisema nini.